Leso haifungiki ikifika alasiri: je, ni bakteria kwenye utumbo mwembamba?

Assalamu alaikum Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu ni miaka 47, naishi Kisauni na riziki yangu ni ushoni wa nguo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu maradhi yenyewe ni ya tumbo na choo, mambo ambayo mtu wa makamo huona haya kuyataja, lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Asubuhi nikitoka kuoga hujifunga leso kiunoni, na ncha zake hubaki ndefu za kutosha kupiga fundo. Nikishakunywa chai ya maziwa na mahamri mawili kwa mbaazi, tumbo huanza kunguruma hata mteja aliyekaa mbele yangu husikia, na ikifika alasiri ncha za leso ile ile hazikutani. Mwaka jana, katika mwezi wa Shaaban, nilikuwa arusini Mji wa Kale, na mama mmoja nisiyemjua akanishika tumbo mbele ya wenzake akaniombea nijifungue salama. Nilimwitikia amina, kisha nikaenda chooni kulia. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mimi ni fundi na vipimo vyangu navijua: kiunoni nimeongezeka, ilhali mabegani na mikononi nimepungua inchi nzima katika mwaka mmoja.

Huenda choo mara tatu au nne kwa siku. Choo ni chepesi, kina rangi iliyofifia, kinaelea, na mara nyingine huacha mafuta yanayong'ara juu ya maji. Nina kisukari tangu mwaka wa 2012 na natumia metformini asubuhi na jioni. Mwaka wa 2016 nilipasuliwa kuondolewa uvimbe wa kizazi. Kwa sababu ya kiungulia, tangu 2020 nimekuwa nikimeza omeprazoli kila siku, na hiyo huinunua mwenyewe bila kuandikiwa. Siku hizi nina ganzi miguuni, kiasi kwamba nikikanyaga pedali ya cherehani inanibidi niiname nitazame kama mguu umefika.

Katika duka la dawa ninalokwenda nimeambiwa mara nyingi kwamba nina amiba, mara nyingine nikaambiwa ni homa ya matumbo baada ya kupimwa damu, na sikuondoka bila vidonge vya metronidazoli. Mwaka huu pekee nimevimeza mara sita. Kila nikivimaliza napata nafuu ya wiki mbili hivi, tumbo linatulia, choo kinashika, kisha hali inarudi kuwa ile ile. Ramadhani nayo ilinishangaza: mchana nilikuwa salama kabisa, lakini saa mbili baada ya kufuturu nilivimba kuliko siku yoyote ya mwaka. Mavyaa wangu anasema hili ni chango, na kila Ijumaa hunichemshia sanamaki ili tumbo lisafike. Mpwa wangu anayesomea uuguzi yeye ameniambia kwamba huenda bakteria wamezidi kwenye utumbo mwembamba.

Je, ugonjwa huo upo kweli, na kama upo nimeupata wapi? Iko dawa ya kuwamaliza bakteria hao mara moja? Na mbaazi, ndizo nimeshaziaga?

Mshonaji, Kisauni

JIBU

Waalaikumu salaam, dada yangu. Pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa yale ya arusini. Tumbo ni kiungo kama jicho au goti, na wanawake wengi wa umri wako wanaobeba tatizo hili kimya kimya wangepona mapema zaidi kama wangelisema kama ulivyolisema wewe.

Ugonjwa aliokutajia mpwa wako upo kweli, na katika makaratasi ya hospitali unaweza kuuona umeandikwa kwa herufi SIBO. Siwezi kukupima kwa barua, lakini umeniandikia mambo matatu ambayo ningependa daktari atakayekuona ayasikie kabla ya mengine yote: vipimo vyako vya nguo, Ramadhani yako, na zile wiki mbili za nafuu. Nitakueleza kwa nini, kisha tuje kwenye dawa na chakula.

Utumbo mwembamba una urefu wa takriban mita 6, na humo ndimo chakula kinamosagwa kikamalizwa na kufyonzwa kuingia kwenye damu. Utumbo mpana, wa mita 1.5 hivi, ndiko wanakokaa bakteria wengi wa mwili: mililita moja tu ya kilichomo humo huweza kubeba bakteria bilioni 100 au zaidi, ilhali sehemu ya juu ya utumbo mwembamba kwa kawaida haizidi 1,000 kwa mililita. Wakazi hao wa utumbo mpana tunawahitaji. Madhara huanza wanapopanda juu na kufanya maskani mahali ambapo chakula bado hakijafyonzwa, kwa sababu hapo wanakila kabla yako. Unapokanda unga wa mahamri usiku ukautia hamira, asubuhi unaukuta umeumuka na umejaa vipovu. Jambo la namna hiyo ndilo linalotokea ndani yako saa moja au mbili baada ya kula, na hapo ndipo leso inapokataa kufunga.

Gesi ndiyo inayosikika, lakini si hasara kubwa kuliko zote. Bakteria hao huivunja nyongo kabla haijamaliza kazi yake, na nyongo ikiharibika mafuta ya chakula hayafyonzwi, yanatoka na choo kama ulivyoyaona yaking'ara juu ya maji. Pamoja na mafuta hupotea vitamini A, D, E na K, ambazo husafiri ndani yake. Vilevile bakteria hao huila vitamini B12, na upungufu wake huleta udhaifu wa damu na ganzi ya miguu. Ndiyo maana vipimo vyako vya mabegani na mikononi vimenishtua kuliko tumbo lenyewe. Mtu ambaye tumbo linajaa gesi tu, bila kupungua mwili, tunaweza kwenda naye polepole. Wewe unakula, lakini chakula hakikufikii, na hilo halifai kusubiri.

Sasa Ramadhani. Mwili una walinzi kadhaa wanaowazuia bakteria wasizidi katika utumbo mwembamba: asidi ya tumbo inayowaua wakiingia na chakula, nyongo na maji ya kongosho yanayowadhoofisha, na kilango kilichoko kati ya utumbo mwembamba na mpana kinachowazuia wasirudi juu. Mlinzi wa nne hatajwi sana, nami namwona kuwa mkubwa kuliko wenzake. Mtu akikaa bila kula, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hupita wimbi la misuli kutoka tumboni kuteremka chini, likifagia mabaki ya chakula na bakteria kuyapeleka utumbo mpana. Ukitia chakula mdomoni, hata kipande cha kaimati, ufagio unasimama na kazi ya kusaga inaanza. Katika saa 13 hivi za saumu ufagio wako ulipata nafasi ya kupita, na bakteria waliosalia hawakuwa na cha kuchachusha. Ndiyo sababu ulikuwa salama. Kisha magharibi ikaingia na sinia ikaja na tende, kaimati, mbaazi na maharagwe ya nazi, vyote kwa pamoja na vyote vyenye sukari za aina ambayo bakteria huzipenda. Saa mbili baadaye ukavimba. Huo si uthibitisho, kwa kuwa hata mtu mwenye utumbo mzima hujaa gesi kwa futari nzito, lakini kwa mtu mwenye historia kama yako ni dalili yenye uzito.

Nafuu ya wiki mbili nayo ina maana zaidi ya moja. Metronidazoli huua amiba, lakini pia huua aina nyingi za bakteria, na huua kijidudu kingine kiitwacho giardia ambacho hukaa kwenye utumbo mwembamba na kuleta choo cha mafuta, gesi na kupungua mwili, yaani karibu kila ulichokiandika. Kwa hiyo kupata nafuu hakutuambii ni nani aliyekufa. Choo kichunguzwe maabara, na si mara moja tu, kwa sababu giardia haonekani kila siku. Kuhusu homa ya matumbo, kipimo cha damu cha haraka kinachoitwa Widal huweza kuonyesha ugonjwa ambao haupo, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua au kuchanjwa zamani. Homa ya matumbo ya kweli huja na homa ya siku nyingi, na kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara.

Hapa sina budi kusema wazi, dada yangu: metronidazoli uliyoimeza mara sita ndani ya mwaka mmoja inaweza yenyewe kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu. Una kisukari, ambacho huleta ganzi. Unatumia metformini, ambayo kwa miaka mingi hupunguza B12. Unatumia omeprazoli, ambayo nayo huipunguza. Huenda bakteria wanaila iliyobaki. Juu ya hayo yote ikaongezwa dawa inayoweza kuumiza neva. Tafadhali usiimeze tena mpaka upimwe, hata kama tumbo litakusumbua wiki hii.

Uliuliza umeupata wapi. Ugonjwa huu mara nyingi si wa kuambukizwa. Huja kwa sababu mlinzi mmoja au wawili wameacha lindo. Kisukari cha miaka mingi huidhoofisha mishipa ya fahamu inayoliendesha tumbo, na wimbi la kufagia likawa hafifu au likapotea. Omeprazoli huzima asidi, yaani mlinzi wa kwanza mlangoni. Upasuaji wa tumbo huweza kuacha makovu ya ndani yanayoukunja utumbo au kuushikamanisha, na pale panapokunjika chakula hutuama. Wako wengine ambao mlango wao ni mwingine kabisa: tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, kifua kikuu cha utumbo kinachoacha njia imebana, maradhi ya ini au ya kongosho, au ugonjwa mbaya wa kuhara uliowaachia neva za utumbo zikiwa zimeumia. Wewe una sababu tatu zinazojulikana, na nahofia kwamba kila ulipokwenda dukani zilitibiwa dalili tu, hizo sababu hazikuulizwa.

Kuua bakteria pasi na kutafuta kilichowaita ni kufua maji chomboni na tobo liko wazi. Unafua, chombo kinainuka, unapumua, kisha maji yanapanda tena. Ndivyo zilivyokuwa hizo pakiti sita.

Kwa hiyo nenda kliniki ya kisukari kwanza, ukiwa na pakiti za dawa zote unazotumia, pamoja na ile sanamaki. Omba upimwe wastani wa sukari wa miezi mitatu (kwa sababu sukari isiyodhibitiwa yenyewe humkondesha mtu), kiwango cha damu, vitamini B12, vitamini nyingine iitwayo folati, tezi ya shingo, na choo. Folati ikionekana juu ilhali B12 iko chini, daktari atazidi kuwashuku bakteria, kwa kuwa wao huila B12 lakini huitengeneza folati. Kwa kuwa choo chako kina mafuta, kongosho nayo ichunguzwe; mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na kongosho isiyotoa maji ya kutosha ya kusagia chakula, na tiba yake ni tofauti kabisa. Kisha omba picha ya ultrasaundi ya tumbo na nyonga. Mwanamke mwenye umri wako ambaye tumbo linajaa kwa miezi mingi anastahili kuangaliwa ovari zake, kwa sababu saratani ya ovari huanza kimya kwa tumbo kujaa na mtu kushiba upesi. Sikutishi, tumbo lako hushuka asubuhi na kupanda alasiri, na uvimbe wa saratani kwa kawaida haushuki. Lakini picha hiyo ni rahisi kufanyika, na moyo wako utatulia.

Hayo yakishajulikana ndipo daktari wa magonjwa ya tumbo anaweza kukuagizia kipimo cha pumzi. Si kila hospitali inacho, hivyo uliza kabla hujafunga safari. Kazi yake ni hii: seli za mwili wa binadamu hazitengenezi gesi ya haidrojeni wala methani, ila vijidudu vya tumboni ndivyo huzitengeneza, gesi hizo huingia kwenye damu, zikafika mapafuni, zikatoka na pumzi. Siku moja kabla ya kipimo utakula chakula chepesi kisicho na nyuzinyuzi, kama wali mweupe na samaki wa kuchemsha au kuku, halafu utakaa usiku kucha bila kula. Asubuhi utapuliza kwenye kifaa, utakunywa maji yenye glukosi gramu 75 au dawa iitwayo laktulosi gramu 10, kisha utapuliza tena kila baada ya dakika 15 au 20. Haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 au zaidi katika milioni ndani ya dakika 90, kipimo huhesabiwa kuwa kimeonyesha bakteria. Methani ikifika sehemu 10 wakati wowote, huhesabiwa kuwa ni wingi wa vijidudu vya methani, ambao kwa kawaida huja na kufunga choo, si kuhara. Waambie mapema kwamba una kisukari, kwani glukosi gramu 75 itakupandisha sukari. Kipimo hakifanywi kabla ya wiki 4 tangu dawa ya mwisho ya kuua bakteria, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha metronidazoli sasa.

Kipimo hiki si kamilifu. Glukosi hufyonzwa mapema, kwa hiyo bakteria walio mbali chini wanaweza kuikosa. Laktulosi huweza kuwahi kufika utumbo mpana na kuleta jibu la uongo. Kwa sababu hiyo madaktari wengine, wakiona mgonjwa ana sababu za wazi na dalili za wazi, huanza tiba bila kukisubiri. Naona hilo linafaa mahali ambapo kipimo hakipatikani, mradi choo, sukari, kongosho na ovari vimeshaangaliwa.

Dawa iliyochunguzwa zaidi ni rifaksimini, ambayo hubaki ndani ya utumbo na kiasi kidogo sana ndicho huingia kwenye damu. Hutolewa miligramu 550 mara 3 kwa siku kwa siku 14, kwa maagizo ya daktari. Ni ghali kuliko metronidazoli, na ziko dawa nyingine ambazo daktari anaweza kuzichagua akizingatia mfuko wako na figo zako. Lakini umeniuliza kama iko dawa ya kuwamaliza mara moja, nami sitakudanganya. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2008, kati ya watu waliopona kwa rifaksimini, takriban asilimia 44 walikuwa wamerudiwa na tatizo baada ya miezi 9. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tiba yako iko kwenye lile tobo.

Upande wa kisukari, sukari ikitulia neva za utumbo huwa na nafuu zaidi. Metformini usiiache kwa uamuzi wako, lakini mweleze daktari juu ya choo chako, kwa kuwa dawa hiyo peke yake huharisha watu wengi na ipo aina inayoachia dawa polepole ambayo ni laini zaidi kwa tumbo. Omeprazoli nayo usiikate ghafla: baada ya miaka mingi, ukiiacha siku moja asidi hufurika na kiungulia hurudi kwa kishindo, ukadhani huwezi kuishi bila hiyo. Kama huna vidonda vya tumbo na hutumii asprini wala dawa za maumivu kila siku, daktari anaweza kukupunguzia kidogo kidogo. Wakati huo kula chakula cha usiku saa tatu kabla ya kulala na inua upande wa kichwa wa kitanda. B12 ikiwa chini utadungwa sindano, na hizo zisicheleweshwe, kwani neva iliyokaa muda mrefu bila B12 huenda isirudi kama zamani.

Milo iwe na nafasi kati yake. Jaribu saa nne au tano kati ya mlo na mlo, bila kuonja onja mabuyu na achari mbele ya cherehani, ili ufagio upite. Maji na kahawa chungu isiyo na sukari si kitu. Ikiwa umeongezewa insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, nafasi hiyo ipangwe na kliniki, usije ukaanguka sukari ikishuka.

Mbaazi hujaziaga. Kuna aina za sukari zisizofyonzwa vizuri ambazo bakteria huzichachusha upesi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndio walioandaa utaratibu wa kuzipunguza kwa muda. Zimo kwenye mbaazi, maharagwe, vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano, maziwa, tende, asali, maembe mabivu na tikiti maji. Kiamsha kinywa chako cha mahamri, mbaazi na chai ya maziwa kimezikusanya tatu kwa pigo moja. Punguza vyakula hivyo kwa wiki 2 hadi 6, si zaidi, kisha virudishe kimoja kimoja, siku tatu kwa kila kimoja, ukiandika leso ilifungika au haikufungika. Kuvikata kwa miezi mingi kungekukondesha zaidi, nawe huna mwili wa kupoteza.

Wala si lazima ule chakula kisicho na ladha. Sukari za kitunguu huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta: kaanga vipande vikubwa vya kitunguu na saumu kwenye mafuta mpaka vinukie, vitoe vyote, kisha ndipo utie nyanya na samaki, harufu itabaki na sukari itakuwa imetoka. Majani mabichi ya kitunguu unaweza kuyatumia, na pia tangawizi, bizari, giligilani na ukwaju kidogo. Badala ya mahamri, kula vibibi vya unga wa mchele au mayai na kiazi kimoja cha kuchemsha, kwa kipimo chako cha kisukari. Papai, nanasi na machungwa huwa rahisi zaidi tumboni kuliko embe. Kwa kuwa choo kina mafuta, tui zito liweke kando kwa muda na upikie tui jepesi. Mbaazi zikirudi, uziloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, uzichemshe kwa maji mapya nayo uyamwage, ndipo utie tui. Kijiko kikubwa kimoja au viwili kwanza, si bakuli.

Mavyaa wako anakutakia kheri, nami sitaki uvunje heshima yake. Mwambie kwamba daktari ameomba sanamaki isimamishwe. Dawa hiyo huusukuma utumbo mpana hasa, haifagii utumbo mwembamba, na kwa mtu anayeharisha mara nne kwa siku huondoa maji na chumvi ambazo tayari zimepungua. Kama ana habasoda na anataka kukupa, mweleze daktari, kwa kuwa inaweza kushusha sukari ukiwa tayari unatumia dawa.

Yapo mambo ambayo hayangoji kliniki. Ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukitapika huku tumbo limevimba na limekuwa gumu na upepo hautoki, ukipata homa au jasho la usiku lisiloisha, au macho yakiwa ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hilo la kutapika na kuvimba lihusishe na upasuaji wako wa 2016 na uwatajie madaktari mara tu unapofika, kwa sababu makovu ya ndani yanaweza kuziba utumbo.

Ule uzi wa kupimia ulioko shingoni mwako uutumie. Kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula, pima mkono wako wa juu na kiuno, uandike kwenye daftari pamoja na uzito ukipata mizani, na uende na daftari hilo kliniki. Majibu ya B12 yakitoka, niandikie tena, uniambie na habari za miguu.